Bunduki Ilikuwa Upande wa Nje

Mtu akitoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, akaacha nyuma mashamba ya katani ya Vipingo na kuelekea bara, huingia Junju. Miji ya watu imekaa mbalimbali, kila mmoja na minazi yake, mikorosho yake na mwembe wa kivuli. Miji mingi haina ukuta wala geti. Hata hivyo mgeni haendi moja kwa moja hadi mlangoni. Husimama pembeni ya uwanja, akapaza sauti, akangoja. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa hujiondokea, na akirudi kesho hana lawama. Akiitikiwa huletewa kiti kivulini na maji ya kunywa, kisha maswali huanza polepole: ametoka wapi, ni wa mbari gani, nani hapa amjuaye. Muda wote huo mlango wa nyumba bado haujamhusu.

Watu wa mjini huuita huu ukarimu, na ni ukarimu kweli. Mimi nauona pia kuwa ni ulinzi, tena ulinzi uliofunzwa na hofu ya miaka mingi. Watu wa pwani hii walikuwa na sababu za kumhofia mtu asiyejulikana ambazo mitaa mingi ya dunia haijawahi kuwa nazo. Na katika karibu kila tukio ambalo historia imetuwekea, bunduki ilikuwa mikononi mwa aliyekuja.

Tuanze baharini. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitoka Mombasa kwenda kaskazini. Mombasa hapakuwa na kuaminiana: usiku watu waliogelea kimyakimya hadi merikebuni na kuanza kukata kamba za nanga. Siku iliyofuata baada ya kuondoka, katika maji yaliyo kati ya Mombasa na Malindi, Wareno waliona vyombo viwili. Kimoja kiliwaponyoka, kingine wakakikamata. Daftari la safari yao wenyewe limeandika kilichokuwamo: watu 17, dhahabu na fedha, nafaka nyingi, na miongoni mwa abiria mzee mmoja wa heshima pamoja na mkewe kijana. Wakatia nanga mbele ya Malindi wakiwa na mateka hao.

Mfalme wa Malindi aliwapokea vizuri, naye alikuwa na sababu zake, maana alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa. Alimwalika da Gama ashuke apumzike. Da Gama akakataa, akasema bwana wake hamruhusu kushuka nchi kavu. Basi wakakutana juu ya maji, mashua kwa mashua, na mizinga ikapigwa kwa heshima ya mwenyeji. Da Gama alipewa rubani wa kumfikisha India, na nguzo yake ingali Malindi, ikipigwa picha na watalii. Shuleni tulifundishwa urafiki huo. Sikumbuki kufundishwa habari za yule mzee na mkewe, waliokuwa wasafiri katika bahari yao wenyewe. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, mizinga ya Wareno wengine chini ya Francisco de Almeida iliishukia Mombasa, mji ukatekwa, ukaporwa na kuchomwa.

Bara kidogo, juu ya vilima vinavyoonekana ukiwa Junju, Wamijikenda walijenga jibu lao. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, kaskazini, wakisukumwa na Wagalla, na kwamba walipofika vilima vya nyuma ya pwani waliingia msituni wakajenga kaya: Wachonyi kaya yao, Wakauma yao, Wakambe, Wajibana, Waribe, Warabai, Wagiriama na wengine. Kaya haikuwa ngome ya mawe. Ilikuwa uwazi katikati ya msitu mnene ulioachwa makusudi usikatwe, wenye njia chache nyembamba na milango ya mbao iliyofuatana. Mtu hakuweza kuingia akikimbia. Alilazimika kufuata njia, na kila mlango ulikuwa mahali pa kusimamishwa na kuulizwa. Fingo, hirizi ya ulinzi, lilizikwa ardhini kuilinda kaya, na katikati, kwenye moro, wazee wa baraza, yaani kambi, walikaa kuamua mambo, pamoja na neno la nani aingie na nani asiingie. Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Wenye kaya walikuwa na silaha, nazo kali: uta, na mishale iliyopakwa sumu ya mti iliyoweza kuangusha ndovu. Lakini mwenye uta hakukaa nyuma ya mlango wake peke yake akiamua gizani. Mgeni lilikuwa jambo la wazee na la mchana.

Taratibu hiyo iliweza pia kufungua. Mwaka 1846 wazee wa Rabai waliwakubalia Krapf na Rebmann, wamisionari wawili Wajerumani, wajenge kwao. Miaka miwili baadaye Rebmann alipofunga safari ya kwenda Uchagani, kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, alimshauri achukue watu wengi na bunduki. Rebmann alikwenda na watu wachache na mwavuli, akafika, akauona Kilimanjaro na theluji yake, akarudi salama. Naitaja safari hiyo kwa sababu safari za bunduki nyingi ndizo zinazojaza vitabu.

Karne hiyohiyo ndiyo iliyoleta hofu kubwa zaidi katika sehemu za Junju. Mwaka 1837 Sayyid Said, sultani wa Unguja, aliwashinda Wamazrui, watawala wa Mombasa. Baadhi yao wakahamia Gazi upande wa kusini, wengine Takaungu, mwendo mfupi tu kutoka Junju. Takaungu ikawa mji wa mashamba na wa watumwa. Kaskazini yake Malindi, iliyokuwa magofu, ilianza kulimwa upya kuanzia miaka ya 1860, na mtama wake ulikuzwa na watumwa vilevile. Kijana wa vilima akiteremka kuuza pembe au nafaka alijua kwamba anaweza asirudi. Ikaja njaa ya Mwakisenge katikati ya miaka ya 1880, na wazazi wakawapeleka watoto pwani kuwa rehani ya nafaka, wakitarajia kuwakomboa mvua ikinyesha. Kuna waliokombolewa, na kuna waliopotelea ng'ambo. Ni vigumu kuiandika habari hiyo bila kusita, maana mlango ambao mtoto alitolewa ulikuwa wa nyumbani kwao, na aliyempeleka alikuwa akimpenda.

Watumwa waliotoroka mashamba ya Takaungu na Malindi walikuwa na vijiji vyao ndani ya nchi, kikiwamo Fuladoyo. Huko aliongoza David Koi, Mgiriama Mkristo, aliyepokea watoro bila kuuliza ni mali ya nani. Mwaka 1883 watu wa Takaungu walimkamata na kumuua. Wengine walikimbilia misheni, na ilipofika Januari 1889 Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuisimamia pwani ililazimika kuwalipa wenye watumwa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na misheni nyingine. Hapo tena ni swali la mlangoni, la nani anayepokewa na kwa hasara ya nani. Koi alilijibu, akalipia kwa kichwa chake.

Bunduki zilizokuwapo Takaungu wakati huo nyingi zilikuwa gobori, za kushindilia baruti na marisau kwa mbele. Kisha mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels, yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Matokeo yake yalikuwa kwamba ndani ya miaka michache tu bunduki nzuri ya pwani hii ilikuwa ya mtu mmoja: askari wa Serikali.

Mwaka 1895 Salim bin Khamis, mtawala wa Takaungu, alifariki. Kampuni ikamweka Rashid bin Salim, ikampita Mbaruk bin Rashid aliyejiona ndiye mwenye haki. Vita vikazuka, akaingia na Mbaruk bin Rashid mwingine, yule mkubwa wa Gazi, na katikati ya vita hivyo, tarehe 1 Julai 1895, Waingereza wakatangaza himaya. Askari waliletwa hadi kutoka India. Hadi Aprili 1896, Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, pande zote mbili zilikuwa zikipita katika miji ya Wamijikenda zikitaka chakula, njia na habari za adui. Aliyempa nafaka mwasi alikuwa adui wa Serikali. Aliyemnyima alikuwa adui wa mwasi. Baadaye kidogo, kati ya 1898 na 1900, ikaja njaa iliyoitwa Magunia, kwa jina la magunia ya mchele wa msaada. Ghala zilizochotwa na majeshi hazikuwa na cha kuwatosha wenyewe.

Ndipo akaja mgeni wa aina mpya, aliyehesabu nyumba. Kodi ya nyumba iliwafanya ofisa na askari wake wafike mlango hadi mlango, si kwa sababu ya aliyemo ndani bali kwa sababu ya mlango wenyewe. Mume wa wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alikuwa na milango mitatu ya kulipia. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kwa Wagiriama, akiwa na kazi ya kukusanya kodi na kupata vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na kazi za Serikali.

Mekatilili wa Menza alikuwa mjane, mwanamke wa makamo kuelekea uzee. Masimulizi ya kwao yanasema mmoja wa kaka zake alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa kijana na hakuonekana tena. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walizunguka miji wakiwaeleza watu kwamba vijana wanaochukuliwa leo ni sawa na waliochukuliwa jana. Mwaka 1913 watu wakakusanyika Kaya Fungo, wakala viapo viwili, wanawake mukushekushe na wanaume fisi: hakuna kulipa kodi, hakuna kutoa kijana, hakuna kumtumikia Mzungu. Wasimulizi hueleza pia mkutano ambapo Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion achukue kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukigusa watoto wetu, akasema. Champion akatoa bunduki akampiga yule kuku. Hayo ni masimulizi, na kila kijiji kina namna yake ya kuyapamba, lakini nimeona yanavyosimuliwa, na msimulizi hatulii kwenye ushujaa wa kuku. Anatulia kwenye risasi. Mama amejibu kwa mfano, naye akajibiwa kwa mtutu.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, na Mekatilili akarudi kwa miguu mamia ya kilomita, katika nchi za watu wasiomjua, akipita milango ambayo kila mmoja ungeweza kumtoa kwa Serikali. Alifika. Nani alimpa maji njiani, nani alimlaza, hakuna aliyeandika, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa katika habari zake zote.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti kali na kuichoma. Milango ya mbao, miti mikubwa, mahali pa moro, vyote vikaenda. C. W. Hobley, mkuu wa jimbo la Pwani, alidhani kufunga kaya kungefunga viapo. Kukawa kinyume. Katikati ya mwezi huo askari waliokuwa wakitafuta vijana wa kubeba mizigo ya vita waliingia katika miji, na inaelezwa kwamba mmoja wao alimbaka mwanamke. Mishale ikatoka, askari akafa. Kikosi cha King's African Rifles, kilicholetwa pwani kupambana na Wajerumani, kikageuzwa dhidi ya Wagiriama.

Vita hivyo vilipiganwa zaidi kaskazini na magharibi ya Junju, kuelekea Mangea na mto Sabaki. Uta ulipambana na bunduki ya kisasa kwa wiki chache. Wagiriama wanaokadiriwa kuwa 150 waliuawa, nyumba zao zikachomwa kwa wingi, mbuzi wakachukuliwa. Wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuhama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, kwenye ardhi yao nzuri, na ikapita miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Mekatilili na Wanje walipelekwa uhamishoni Kismayu, wakarejea mwaka 1919. Mtoto wa Giriama aliyezaliwa siku hizo alikua akijua kwamba mtu mwenye bunduki akija mlangoni, ametumwa.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya historia yetu na ile ya Marekani, ambako bunduki huaminiwa kuwa ni ya mwenye nyumba. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yalikuwa bunduki milioni 393 mikononi mwa raia wa Marekani, takriban 120 kwa kila watu 100. Kwa Kenya hazifiki mbili kwa kila 100. Mwaka 2005 Florida ilipitisha sheria iliyopanua haki ya kutumia nguvu ya kuua bila wajibu wa kurudi nyuma kwanza, na majimbo mengi yakaifuata. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Heller kwamba katiba inamlinda raia anayeweka bastola nyumbani kwa kujihami.

Oktoba 1992, katika mji wa Baton Rouge, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16 alikosea nyumba akitafuta sherehe. Mwenye nyumba alimwamuru asimame. Kijana hakuelewa, akaendelea kumkaribia, akapigwa risasi na kufa. Mahakama ya jinai ikamwachia aliyempiga. Aprili 2023, Kansas City, mvulana mweusi wa umri uleule alitumwa kuwachukua wadogo zake. Akakosea barabara kwa sababu majina mawili yalifanana, akabonyeza kengele, na mzee wa miaka 84 akampiga risasi mbili kupitia mlango wa kioo. Mvulana huyu alipona. Siku mbili baadaye, jimboni New York, msichana wa miaka 20 aliuawa ndani ya gari lililoingia uwanja usio wake, na safari hii muuaji alihukumiwa kifungo kirefu.

Nimeyasoma matukio hayo nikiwafikiria vijana wetu walio huko, waliofunzwa na mama zao kwamba ukipotea njia ingia mji wowote uulize. Kengele haina sauti ya mtu. Haisemi ni mtoto, haisemi ametumwa na nani. Aliye ndani anabaki na kile ambacho hofu imeshamwambia, na silaha iko karibu kuliko jirani. Hofu ya yule mzee wa miaka 84 siibezi, maana mtu hutetemeka kweli. Ninachokilaani ni nchi kumwambia atetemeke peke yake, akiwa na bastola mkononi.

Kenya nayo iliwahi kuwa na nyumba za namna hiyo, ingawa si Junju. Januari 1953, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, huko Kinangop, familia ya walowezi iliuawa nyumbani kwake. Bwana wa nyumba aliitwa nje na watumishi wake mwenyewe, na mtoto mdogo aliuawa kitandani. Baada ya hapo walowezi walikula chakula cha jioni bastola zikiwa mezani, na walimwogopa aliyeleta sahani. Raia Wazungu 32 waliuawa katika miaka yote ya Hali ya Hatari. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, baadhi yao kwa kosa la kukutwa na silaha au risasi tu.

Pwani, hofu ilikuwa ya karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa nafasi wenye madai katika ukanda wa maili kumi kuandikisha mashamba, na wengi walioweza kufanya hivyo walikuwa Waarabu, Waswahili wenye mali, na makampuni. Wamijikenda wengi walijikuta wapangaji wasio na kodi wala hati, maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Kuanzia hapo mgeni aliyeogopwa mlangoni alikuwa mpimaji na mleta barua. Ardhi ilipoanza kugawanywa na kupewa hati baada ya uhuru, thamani yake ikapanda, barabara ikasogea, na wanunuzi wakaja mpaka vijiji vya ndani. Shamba la babu lililokuwa la wote likawa na jina la mtu mmoja juu yake.

Nami naamini hapo ndipo hofu ilipohama. Kwa miaka mingi sasa Kilifi imekuwa ikizika wazee waliouawa usiku kwa mapanga, wakidaiwa kuwa wachawi. Shutuma huanza na kifo cha mtoto au ugonjwa usioeleweka, lakini ukifuatilia mara nyingi unakuta shamba, na wapo wazee waliofikia kupaka nywele zao rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Wanaotajwa katika mashtaka mara nyingi ni wana, wapwa na wajukuu, au vijana waliokodiwa nao. Hawa hawapigi hodi, na hakuna swali la mbari litakalowazuia, kwa kuwa mbari ni moja. Utaratibu wote ule wa kusimama pembeni ya uwanja, uliowafaa babu dhidi ya Mgalla, mteka watumwa na askari wa kodi, haukutengenezwa kwa ajili ya aliyelala chumba cha pili.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na wakoloni na ambayo bado ipo, inakataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi isipokuwa kwa polisi, chifu na maofisa wa namna hiyo. Sijaona ikimlinda mzee hata mmoja katika mkutano wa matanga, mahali ambapo jina lake hutajwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu hamsini, wakiwamo wazee wa mtaa na wakati mwingine chifu mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Anayelitaja jina ashtakiwe asubuhi yake, kabla ya panga. Na mzee mwenye shamba agawe na kuandikisha angali hai, mbele ya wote, hata kama mila inamwambia angoje.

Huko Ganze, katika Kaya Godoma, wazee waliofukuzwa kwa shutuma hizo wamejengewa makazi ya kujisitiri chini ya chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA. Wapo waliopatanishwa na jamaa zao wakarudi. Wengine hawajarudi, wanalima kipande cha mahindi walichopewa hapo.